Hedifoni za othodinamiki za zamani: spika zake zimeundwaje na mtetemo wake unatulizwaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeegemea hedifoni za othodinamiki za miaka ya 1970 na 1980, hasa Yamaha za mfululizo wa HP na YH pamoja na Fostex za mfululizo wa T. Hizi ndizo zinazofunguliwa zaidi na wapenda muziki, na ndizo zinazoharibiwa zaidi. Za koili na za elektrostatiki zimo pia, ila kwa ufupi. Popote tunaposema "spika" tunamaanisha ile spika ndogo iliyo ndani ya kikombe cha sikio.

Spika za hedifoni ziko za aina gani?

Tatu zinatosha kwa kuanzia. Ya kwanza ni ya koili: waya mwembamba uliozungushwa duara, umegundishwa kwenye kiwambo cha plastiki (utando mwembamba unaotetema na kutoa sauti) na unaning'inia ndani ya mwanya wa sumaku. Beyerdynamic ya Ujerumani ilitoa DT 48 ya mtindo huu mwaka 1937, na hedifoni nyingi zilizoko madukani leo ni za ukoo huohuo.

Ya pili ni othodinamiki, ambayo wengine huiita isodinamiki. Hapa hakuna koili inayoning'inia. Njia ya umeme imechorwa juu ya kiwambo chenyewe. Inayojulikana kuliko zote ni Yamaha HP-1 ya mwaka 1976, ambayo umbo lake lilisanifiwa na Mwitaliano Mario Bellini. Wharfedale ya Uingereza ilikuwa na yake, na Umoja wa Kisovyeti nao ulitengeneza TDS-7.

Ya tatu ni elektrostatiki, ambayo kiwambo chake husukumwa na chaji za umeme badala ya sumaku. Jina lake kubwa ni Stax ya Japani.

Ndani ya spika ya othodinamiki kuna nini hasa?

Kutoka upande wa sikio utakutana na bamba la sumaku lenye matundu, nafasi finyu ya hewa, kiwambo, nafasi nyingine finyu, kisha bamba la pili la sumaku lenye matundu. Nyuma ya hapo kuna kitambaa au feliti (kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa pamoja bila kufumwa), halafu kikombe.

Sumaku za enzi hizo ni za feraiti, ile nyeusi inayovunjika kama kigae ikianguka. Mabamba mawili yanaelekezana kwa ncha zinazofanana, kaskazini kwa kaskazini, kwa hiyo yanasukumana. Uga wa sumaku, ukikosa pa kupita mbele, hulala ubavu na kukimbia sambamba na kiwambo. Umeme ukipita kwenye njia iliyochorwa, unakata uga huo na kiwambo kinasukumwa mbele au nyuma. Kwenye Yamaha sumaku imegawanywa kwa pete na njia ya umeme inazunguka kama koili ya mbu. Kwenye Fostex sumaku ziko kwa mistari na njia inakwenda na kurudi kwa mistari iliyonyooka.

Kiwambo chenyewe ni filamu ya plastiki ya mikroni kumi na kitu tu, au hata pungufu. Unywele wa binadamu una mikroni 50 hadi 100. Yamaha za kwanza zilitumia poliesta. Fostex T50RP za miaka ya karibuni hutumia karatasi ya shaba juu ya filamu ya poliimidi, ambayo huvumilia joto vizuri zaidi.

Faida ya mpangilio huu ni kwamba kiwambo kinasukumwa karibu eneo lake lote kwa wakati mmoja. Hasara yake ni kwamba nguvu ya kusukuma ni ndogo na hakuna breki ya maana ndani ya spika yenyewe. Hapo ndipo suala la kutuliza linapoanzia.

Kwa nini kiwambo kihitaji kutulizwa?

Kiwambo kilichowambwa kina kasi yake ya asili ya kutetema, inayotokana na uzito wake na mvutano wake. Hiyo ndiyo rezonansi. Muziki ukigusa masafa hayo, kiwambo hutikisika kuliko kilivyoagizwa, na noti ikikatika chenyewe kinaendelea kidogo. Katika othodinamiki kilima hicho, yaani masafa yanayosikika kwa nguvu kuliko jirani zake, kwa kawaida huangukia kwenye besi, mara nyingi kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 60 na 200. Utakisikia pale noti zote za gitaa la besi zinapokuwa na uzito uleule, na ngoma inapochelewa kunyamaza.

Dawa ni kukilazimisha kiwambo kisukume hewa kupitia kitu chenye upinzani: feliti, kitambaa, karatasi yenye vinyweleo. Hewa ikipita kwa shida kati ya nyuzi, nguvu ya mtetemo hugeuka joto dogo na kupotea. Upinzani huo huongezeka kadiri kiwambo kinavyokwenda kasi, kwa hiyo unakishika zaidi pale kinapotaka kuruka na kukiachia kinapotulia.

Kuna kazi ya pili, ya sauti za juu. Sauti inayotoka nyuma ya kiwambo hugonga ukuta wa kikombe na kurudi. Kikombe chenye kina cha sentimita 2 huweza kujenga wimbi la kusimama, yaani sauti inayokwenda na kurudi ikijiongeza nguvu, karibu na hezi 8,600. Cha sentimita 4, karibu na hezi 4,300, na huko ndiko sikio linakochokozeka upesi. Kazi hizi mbili zinahitaji nyenzo tofauti, mahali tofauti. Anayezichanganya hujaza kikombe pamba halafu hushangaa mbona besi bado inavuma.

Si amplifaya nzuri ingetosha kukishika kiwambo?

Kwa spika ya koili, kwa kiasi fulani, ndiyo. Koili inapotembea ndani ya sumaku huzalisha umeme wake, na amplifaya yenye ukinzani mdogo wa kutolea hufanya umeme huo uwe breki. Chukua hedifoni ya omu 300 ambayo impedansi yake (ukinzani wake kwa umeme wa sauti) inapanda hadi omu 600 kwenye rezonansi. Ukiilisha kupitia ukinzani wa omu 120, besi ya eneo hilo itapanda takriban desibeli 1.3 kuliko kwingine. Si nyingi, ila inasikika.

Kwa othodinamiki breki hiyo haipo kwa kiwango cha kutegemewa. Impedansi yake ni karibu mstari ulionyooka kutoka chini hadi juu: omu 150 kwa HP-1, omu 50 kwa T50RP. Kwa hiyo ule ukinzani mkubwa uliowekwa kwenye tundu la hedifoni la amplifaya nyingi za zamani hauibadilishi ladha ya sauti. Unapunguza ukubwa wake tu. Usitupe pesa kwenye amplifaya ukitarajia itaponya kilima cha besi. Nunua amplifaya kwa sababu ya nguvu, kwa kuwa simu ya mkononi huishiwa pumzi mapema na hedifoni hizi.

Feliti ikae wapi?

Mgongoni mwa spika kabisa, ikigusa bamba la sumaku na kufunika matundu yake. Hapo ndipo hewa inapopita kwa kasi kubwa kuliko popote ndani ya kikombe, na upinzani hufanya kazi pale tu hewa inapokwenda. Feliti hiyohiyo ukiibandika kwenye ukuta wa mwisho wa kikombe, ambako hewa haiendi popote, haitaigusa besi hata kidogo. Itakula tu sehemu ya sauti za juu zinazorudi kutoka ukutani.

Jambo hili tunalirudia kila mara kwa sababu ndilo linalotofautisha kazi nzuri na mbovu: besi hutulizwa mgongoni mwa spika, sauti za juu hutulizwa ukutani mwa kikombe.

Nyenzo zipi zinafaa?

Feliti ya sufu ya milimita 1 hadi 2 ndiyo ya kwanza. Ya plastiki inayouzwa kwa kazi za mikono inafaa pia, ila ulegevu wake hutofautiana sana kutoka karatasi moja hadi nyingine, hata ndani ya pakiti moja. Plasta ya karatasi ya hospitalini, na Micropore ya 3M ndiyo inayojulikana zaidi, ni nzuri mno kwa marekebisho madogo: tabaka moja huongeza upinzani kidogo, mbili zaidi, na hubanduka bila kuacha madhara ukiitoa mapema. Kwa ukuta wa kikombe tumia sponji yenye vinyweleo vilivyo wazi, milimita 5 hadi 10, au sufi iliyochambuliwa.

Epuka selotepu na plasta za plastiki mgongoni mwa spika. Hizo hazitoi upinzani, zinaziba tu. Epuka pia sponji zilizofungana, kama zile za kufungia mizigo.

Namna ya kupima upinzani bila chombo chochote: weka kipande mdomoni mwa bomba la kalamu ya wino, pulize taratibu, linganisha na kipande kingine. Inasikika kama mchezo, lakini mdomo hutambua tofauti ambayo macho hayaioni. Ndivyo unavyochagua vipande viwili vinavyolingana kwa kulia na kushoto.

Nifuate hatua zipi?

Maelezo haya yanafaa Fostex T50RP na jamaa zake. Yamaha inafanana, ila skrubu na vifuniko hutofautiana toleo kwa toleo.

1. Pima ukinzani wa kila upande kwa mita ya umeme kabla hujafungua chochote. Kwa othodinamiki mita itakuonyesha namba iliyo karibu sana na ile iliyoandikwa na kiwanda. Pande mbili zikitofautiana kwa zaidi ya omu chache, tatizo lako si feliti.

2. Vua mito ya masikio kwa kuikunja ukingo. Fungua skrubu za bamba la mbele (lile la plastiki linaloishika spika, si bamba la sumaku) kwa bisibisi inayokaa sawasawa. Shika shingo ya bisibisi kwa mkono wa pili: sumaku huivuta, na ikiteleza ncha yake huingia kwenye tundu na kutoboa kiwambo. Ajali hii ndiyo inayomaliza spika nyingi, na haina dawa.

3. Inua bamba polepole, waya ni mfupi. Piga picha kila kitu kilivyokaa. Weka skrubu za kulia na kushoto kwenye visahani viwili tofauti, mbali na spika.

4. Angalia kitambaa cha kiwanda. Kikiwa kizima, kiache na uongeze juu yake. Kikiwa kimeoza au kimejaa gundi iliyokauka, kibandue kwa kibano cha plastiki au shaba.

5. Kata vipande viwili vya feliti kutoka karatasi moja, vikiwa jirani, vyenye ukubwa wa eneo la matundu. Vipime kwa mizani ndogo ya vito, halafu kwa kupuliza. Vikitofautiana zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa uzito, tupa kimoja ukate kingine.

6. Bandika kwa utepe wa gundi pande mbili, ukanda wa milimita 3 au 4 pembezoni tu. Gundi ya maji haifai: hunyonywa na feliti na kuziba vinyweleo, na mvuke wa gundi nyingine huweza kudhuru filamu.

7. Rudisha bamba kwa skrubu mbili tu, vaa, sikiliza, pima. Ukiona besi bado imevimba, ongeza tabaka moja la plasta ya karatasi juu ya robo ya eneo, kisha nusu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

8. Ukiridhika na upande mmoja, fanya upande wa pili vilevile hadi milimita. Kisha kaza skrubu zote, kwa kiasi. Nyuzi zimo ndani ya plastiki ya zamani.

Nimeweka feliti, na sasa besi imekufa kabisa. Kwa nini?

Umezidisha. Upinzani ukipita kiasi, kiwambo hakishikwi kwenye rezonansi peke yake. Kinazuiwa hata chini yake, na besi huanza kushuka mapema, pengine kuanzia hezi 150. Sauti za kati hubaki mbele peke yao, kama redio ndogo ya mkulima. Toa nusu ya ulichoweka. Kwa uzoefu wa wengi, kiasi sahihi huwa ni kidogo kuliko kile ambacho mkono ungependa kuweka.

Kabla ya kutoa, hakikisha si mvujo. Mto usiokaa vizuri, fremu ya miwani, au skrubu ambayo hukuirudisha huacha hewa ipite kati ya kikombe na shavu, na besi hukimbilia huko. Bonyeza vikombe kwa viganja huku ukisikiliza. Besi ikirudi, tatizo ni mto. Isiporudi, tatizo ni feliti.

Na matundu ya kikombe, niyazibe?

Ukiyaziba kabisa, hewa iliyofungiwa ndani hugeuka springi inayokisukuma kiwambo. Rezonansi hupanda na besi ya chini kabisa hupungua, ingawa kelele za nje nazo hupungua. Kikombe kikiwa kidogo, springi huwa ngumu zaidi. Ukiyaacha wazi kabisa, unapoteza udhibiti. Njia ya kati ni kuyafunika kwa feliti au plasta ya karatasi, ili hewa ipite kwa shida. Fostex wenyewe hufunika upenyo wa T50RP kwa namna hiyo. Sehemu kubwa ya marekebisho unayoyasikia kuhusu hedifoni hii ni mabishano juu ya upenyo huo ufunikwe kiasi gani.

Pamba ndani ya kikombe inasaidia?

Inasaidia sauti za juu na sehemu ya kati, si besi. Gramu moja ya pamba au sufi kwa kila kikombe inatosha, ikichambuliwa hadi iwe laini. Usiishindilie. Pamba iliyoshindiliwa huacha kuwa kifyonzaji na kuwa kizibo, na pia hupunguza nafasi ya hewa. Weka kipande cha kitambaa chepesi kati yake na spika, ili nyuzi zisisafiri hadi kwenye matundu.

Watu wanabandika plastisini (udongo laini wa watoto wa kufinyangia). Ya nini?

Ni kuongeza uzito wa kuta za plastiki ili zenyewe zisilie. Gonga kikombe kitupu kwa kucha: kikilia kama kopo, plastisini itakisaidia. Gramu 15 hadi 25 kila upande, ikitandazwa nyuma ya bamba la mbele na kwenye kuta, huleta tofauti katika sauti za kati. Zaidi ya hapo unaongeza mzigo wa shingo tu.

Ina kasoro mbili. Mafuta yake huhamia kwenye feliti iliyo jirani na kuiziba taratibu, kwa hiyo acha nafasi. Tena hulainika kwa joto: hedifoni iliyoachwa ndani ya gari juani, Dar es Salaam au Mombasa, inaweza kukutwa plastisini imeteremka hadi kwenye waya au matundu. Kwa hali hiyo afadhali vipande vya karatasi ya butili, ile wanayobandika mafundi wa redio za magari milangoni.

Sponji ya ndani imegeuka unga unaonata. Nifanyeje?

Hiyo ni poliurethani iliyokula unyevu. Joto na unyevu huiharakisha, kwa hiyo hedifoni iliyokaa mwambao huoza mapema kuliko iliyokaa bara kwenye baridi kavu. Haihusu chapa moja. AKG, Beyerdynamic na Sennheiser za zamani zote zina sponji za namna hiyo mbele ya spika.

Geuza spika ielekee chini kabla ya kugusa chochote, ili chembe zianguke nje badala ya ndani. Bandua vipande vikubwa kwa kibano. Vilivyobaki viokote kwa utepe wa karatasi wenye gundi hafifu, kwa kugusa na kuinua bila kusugua. Chembe zilizoingia matunduni zipulizie kwa kile kipulizio cha mpira cha kusafishia lenzi ya kamera. Hewa ya kopo na ya kompresa hukunja kiwambo, na mashine ya kufyonzea vumbi hukivuta hadi kikaguse sumaku. Spiriti itumie kwenye plastiki ya kikombe tu.

Sponji mpya ya mbele iwe nyembamba na wazi mno, kiasi cha kuona mwanga kupitia. Nzito hula sauti za juu, na utadhani umeharibu spika.

Spika inakwaruza kwenye noti nzito.

Cheza toni inayopanda polepole kutoka hezi 20 hadi 200 kwa sauti ya wastani. Mkwaruzo unaotokea kwenye masafa mamoja tu na kutoweka ukibonyeza kikombe ni kitu kilicholegea: waya unaogusa ukuta, ukingo wa feliti uliobanduka, skrubu. Mkwaruzo unaoongezeka kadiri besi inavyokuwa nzito ni kitu kilichomo kati ya kiwambo na sumaku: unywele, chembe ya sponji, au vumbi la chuma. Vumbi la chuma ndilo gumu, kwa kuwa sumaku haitaki kuliachia. Litoe kwenye uso wa bamba kwa kugusa na gundi laini ya kubandikia karatasi ukutani.

Ikiwa hakuna uchafu na mkwaruzo upo, filamu imelegea kwa uzee au joto na inagusa sumaku. Hapo feliti zaidi hupunguza safari ya kiwambo na huficha tatizo kwa sauti ndogo. Haliponyi.

Upande mmoja haulii, au unakatika.

Anza nje kwenda ndani: plagi, waya, kiungio cha kikombe, halafu spika. Kwenye spika za zamani njia ya umeme ya kiwambo mara nyingi imeunganishwa na vituo vya nje kwa kubanwa tu, bila kuchomelewa kwa risasi, na metali hizo hushika kutu nyembamba. Mita itaonyesha namba inayorukaruka ukigusa kituo. Kukaza au kusafisha kituo kwa nje mara nyingi kunatosha.

Usijaribu kuchomelea risasi juu ya filamu. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hadi 260, na ncha ya kifaa cha kuchomelea huwa nyuzi 300 na zaidi. Kwa njia iliyokatika kuna gundi ya fedha inayopitisha umeme, tone dogo kwa ncha ya sindano, lakini hiyo inahitaji kufungua spika yenyewe.

Naweza kuifungua spika yenyewe?

Tunashauri usifanye. Mabamba yanasukumana: skrubu au riveti ya mwisho ikiachia, bamba moja linaruka, linajipinda upande na kukata filamu. Feraiti ikigongana inamomonyoka, na unga wake unabaki kwenye mwanya milele. Hata ukifanikiwa, mvutano wa kiwambo hauwezi kuurudisha ulivyokuwa bila kibano maalumu, na rezonansi za kulia na kushoto zitaachana. Kama spika imekufa na huna cha kupoteza, fungua ujifunze, ukiwa na vibano vinne vya seremala vilivyoshika mabamba pande zote na kuachiwa kwa zamu.

Hedifoni za koili hutulizwa namna hiyohiyo?

Kanuni ni ileile, mahali tofauti. Nyuma ya spika ya koili kuna matundu yaliyofunikwa kwa pete ya karatasi, feliti au hariri, na pengine tundu la katikati linalopita ndani ya sumaku. Pete hiyo ndiyo breki. Ikibanduka, besi huvimba upande mmoja tu, na watu hukimbilia kubadilisha spika nzima bila sababu. Irudishe kwa gundi kidogo pembezoni.

Tahadhari kwa miundo ya pekee. Sennheiser HD 414 ya mwaka 1968, ya omu 2,000, ilifungua mlango wa hedifoni za wazi. Sponji zake za njano ni sehemu ya sauti, si mapambo, kwa hiyo mto wa ngozi juu yake huiharibu. AKG K240 Sextett ina viwambo sita visivyo na umeme vilivyozunguka spika. Hivyo hutembea kwa kusukumwa na hewa ya ndani, na anayejaza kikombe sufi huviua vyote sita kwa mpigo. AKG K340 ina spika mbili ndani, ya koili na ya elektreti (elektrostatiki yenye chaji iliyohifadhiwa ndani ya nyenzo yenyewe), na ubovu wake mara nyingi uko kwenye elektreti iliyopoteza chaji.

Na Stax?

Usizifungue ukiwa mgeni. Zina volti za kudumu kwenye kiwambo: 230 kwa za zamani, 580 kwa zile za kizazi cha Pro. Ya volti 230 ukiichomeka kwenye 580 unaihatarisha. Upande mmoja ukififia polepole, kwanza iweke siku kadhaa kwenye boksi lililofungwa pamoja na silika ya kukausha. Unyevu huvujisha chaji.

Nitapimaje bila maabara?

Kwa spika ya koili unaweza kuiona rezonansi kwenye mchoro wa impedansi. Kwa othodinamiki mchoro huo hauonyeshi kitu, kwa hiyo maikrofoni ni lazima. Chukua ubao wa sentimita 15 kwa 15, toboa katikati, ingiza maikrofoni ndogo ya elektreti ikae usawa wa uso wa ubao, na funika ubao kwa karatasi laini ya mpira ili mto ukae bila mvujo. REW, programu ya kompyuta ya kupimia sauti, ni ya bure na hupiga toni kutoka hezi 20 hadi 20,000.

Weka hedifoni, pima, inua, weka tena, mara tano, kisha chukua wastani. Juu ya hezi 8,000 usiamini unachokiona, kwa kuwa ubao hauna sikio. Unachotafuta ni mambo mawili: kilima cha besi kimepungua, na kulia na kushoto havitofautiani zaidi ya desibeli 2 kati ya hezi 100 na 4,000. Tofauti kubwa ikibaki, badilisha kwanza feliti za pande mbili, ya kulia iende kushoto na ya kushoto kulia. Tofauti ikihama pamoja na feliti, kosa ni la feliti.

Mito mipya inaleta tofauti kiasi hicho?

Mara nyingi kuliko feliti. Mto mnene unasogeza sikio mbali na kuongeza hewa ya mbele. Wa ngozi unashika besi, wa mahameli unaivujisha kidogo. Kwa hiyo chagua mito kwanza, halafu tuliza spika kwa mito hiyo. Ukifanya kinyume utarudia kazi yote.

Nikinunua iliyotumika, nimuulize nini muuzaji?

Muombe namba ya mita kwa kila upande, picha ya mgongo wa spika kama iliwahi kufunguliwa, na aseme kama vipande vya kiwanda vipo. Hedifoni iliyojazwa plastisini na feliti na mtu mwingine si mbaya, ila bei yake iwe ya chini: utaanza kwa kuitoa yote. Na wewe ukifungua yako, vipande vya kiwanda vitie kwenye mfuko uandike kulia na kushoto.